Nishati, Joto na Wimbi: Historia ya Istilahi za Fizikia katika Kiswahili kwa Kurejelea Mwese, Katavi

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya istilahi chache za msingi za fizikia katika Kiswahili, yaani nishati, joto, jotoridi, mpitisho, myuko, mnururisho, wimbi na masafa. Mwese, katika Mkoa wa Katavi, imeteuliwa kuwa mahali pa kurejelea kwa sababu mbili. Kwanza, Kiswahili cha shule kimewakutanisha hapo watoto wa lugha za Kibantu zilizotoka pande mbalimbali. Pili, Ziwa Tanganyika na nchi jirani ya Ufipa zinatoa mifano hai ya matukio yanayoelezwa na istilahi hizo. Makala inadai kwamba udhaifu unaodaiwa kuwamo katika istilahi hizi hautokani na namna zilivyoundwa. Unatokana na kukatizwa kwa matumizi yake mwishoni mwa elimu ya msingi, kabla hazijapata nafasi ya kusuguana, kusahihishwa na kukomaa.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu Kiswahili na sayansi nchini Tanzania umezoea kuendeshwa kwa swali moja: je, lugha hii ina istilahi za kutosha? Wanaokanusha hutaja dhana ambazo hazijapata majina. Wanaokubali hutaja kamusi zilizokwisha kuchapishwa. Pande zote mbili huichukulia istilahi kama mzigo uliomo ghalani, na hoja hubaki kuwa hesabu ya magunia. Kinachosahaulika ni kwamba istilahi ina historia yake. Huzaliwa katika mazingira fulani, hushindana na maneno mengine, huazimwa na taasisi zisizokuwa za kisayansi, na hupoteza au hupata ukali wa maana kutokana na watu wanaoitumia.

Makala hii inafuatilia historia hiyo katika uwanja mdogo wa fizikia ya msingi: nishati, usafirishaji wa joto na mawimbi. Uwanja huu umechaguliwa kwa kuwa dhana zake hufundishwa kwa Kiswahili katika shule za msingi, na baadaye hufundishwa upya kwa Kiingereza katika shule za sekondari. Hivyo, mwanafunzi yuleyule huikuta dhana ileile mara mbili, kwa majina mawili yasiyojuana. Mkutano huo unafaa kutazamwa kwa karibu, nao unaonekana vizuri zaidi mbali na miji mikubwa, mahali ambapo Kiingereza hakisikiki nje ya darasa.

2.0 Mwese na lugha zake

Mwese imo katika nyanda za juu zilizo upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, katika eneo ambalo kwa miaka mingi lilijulikana kama Wilaya ya Mpanda. Eneo hilo lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa hadi Mkoa wa Katavi ulipoanzishwa mwaka 2012, na leo Mwese imo katika Wilaya ya Tanganyika. Lugha za asili za nchi hii ni Kitongwe na Kibende, ambazo zina undugu wa karibu sana. Kusini yake kuna Kifipa, na kaskazini yake kuna Kiha.

Kiswahili kilifika ukanda huu kabla ya shule za kisasa. Misafara ya biashara ya karne ya 19 iliyokwenda Ujiji na kuvuka ziwa ilikibeba hadi mwambao wa Tanganyika. Karema, iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1879 na kukabidhiwa Wamisionari wa Afrika mwaka 1885, ilikuwa mojawapo ya vituo ambako wageni na wenyeji walikutana. Mnamo mwaka 1950 reli ya kutoka Kaliua ilifika Mpanda kwa ajili ya mgodi wa risasi, na pamoja na reli hiyo walikuja wafanyakazi wa makabila mengi waliohitaji lugha moja ya kazi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mwese ilipata sura nyingine. Ilitengwa kuwa makazi ya wakimbizi kutoka Rwanda, baadhi yao wakiwa wamepitia Kivu, nchini Kongo. Shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi lililojulikana kwa kifupi kama TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964, lilishiriki katika kuyaendeleza makazi hayo. Katika wilaya hiyohiyo yalifuata makazi makubwa ya wakimbizi wa Burundi: Katumba katika miaka ya mwanzo ya 1970 na Mishamo mwishoni mwa muongo huo. Mwaka 1980 serikali ya Tanzania iliwapa uraia maelfu ya Wanyarwanda waliokuwa nchini, na baada ya mwaka 1994 wengi wa Wanyarwanda walioishi Tanzania walirejea kwao.

Kwa mwanaisimu, mambo haya yana uzito wake. Mtoto aliyeingia darasani Mwese akitoka katika nyumba ya Kinyarwanda hakuwa na lugha moja na mtoto wa Kitongwe aliyeketi naye dawati moja, lakini wote wawili walikuwa Wabantu kwa mofolojia. Walijua, bila kufundishwa, kwamba kitenzi hunyambuliwa na kwamba nomino hutokana na kitenzi kwa kiambishi cha mwanzo na irabu ya mwisho. Istilahi yoyote iliyojengwa kwa utaratibu huo iliwapa watoto hao mlango wa kuingilia. Istilahi iliyojengwa vinginevyo iliwaomba wakariri. Tofauti hiyo ndiyo kipimo kinachotumika katika sehemu zinazofuata.

3.0 Kuundwa kwa istilahi, 1930 hadi 1990

Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilishughulika zaidi na kusanifisha tahajia, sarufi na vitabu vya shule. Sayansi haikuwa kipaumbele chake, kwa kuwa elimu ya juu ya Mwafrika haikukusudiwa kutolewa kwa Kiswahili. Mwaka 1964 kazi yake ilihamia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako mwaka 1970 iliasisiwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI). Mwaka 1967 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA). Mwaka huohuo ilitolewa falsafa ya Elimu ya Kujitegemea, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika madarasa yote ya shule za msingi.

Uamuzi huo uliibua uhitaji wa ghafla. Mwalimu aliyekuwa akifundisha sayansi ya madarasa ya juu ya msingi kwa Kiingereza alitakiwa sasa kuifundisha kwa Kiswahili. Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililoweka lengo la kumfikishia kila mtoto elimu ya msingi, lilizidisha uhitaji huo kwa kupeleka shule katika vijiji ambavyo havikuwa nazo. BAKITA ilitoa vijitabu vya *Tafsiri Sanifu*, na TUKI ikaendelea na kazi ya kamusi. *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ilitoka mwaka 1981, na *Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia* ikatoka mwaka 1990. Katikati yake, mwaka 1987, Rajmund Ohly alichapisha kamusi ya msingi ya ufundi. Hermas Mwansoko, katika utafiti wake wa shahada ya uzamivu wa mwaka 1990 na maandishi yake ya baadaye, aliichambua kazi hii na kuonyesha kwamba kanuni za kuunda istilahi hazikufuatwa daima kwa mpangilio uliotangazwa.

Mpangilio huo unajulikana. Mwundaji atafute kwanza katika Kiswahili chenyewe, kisha katika lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu na za Kiafrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Katika siasa na isimu njia ya Kibantu ilizaa matunda, kama *ikulu* na *ngeli* zinavyoshuhudia. Katika fizikia hali ilikuwa tofauti. Istilahi zake zilitoka kwa sehemu kubwa katika mafungu matatu: maneno ya kale ya Kiswahili yaliyoongezewa maana, maneno yenye asili ya Kiarabu, na maneno mapya yaliyounganishwa au kunyambuliwa. Kila fungu limekuwa na historia yake.

4.0 Nishati: neno lililopanda cheo

Kabla ya istilahi kuundwa, Kiswahili kilikuwa na neno *nguvu*, ambalo lilibeba mzigo mkubwa. Nguvu ni uwezo wa misuli, ni mamlaka, ni ukali wa dawa, ni kasi ya upepo. Fizikia inahitaji walau dhana tatu zitenganishwe hapa: kisukumacho au kivutacho, uwezo wa kufanya kazi, na kiwango cha kazi kwa muda. Kwa dhana ya kwanza lilichukuliwa neno *kani*, ambalo katika matumizi ya kawaida lina harufu ya ukakamavu na ubishi. Kwa dhana ya pili lilichukuliwa *nishati*, kutoka mzizi wa Kiarabu unaohusu uchangamfu na shughuli.

Wapo wanaoona kwamba mkanganyiko wa *nguvu* na *nishati* ni ushahidi wa upungufu wa Kiswahili. Historia ya fizikia yenyewe haiungi mkono hukumu hiyo. Lugha za Ulaya zilikaa muda mrefu bila kutenganisha dhana hizi. Thomas Young alipendekeza neno la Kiingereza la nishati katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1807, na halikukubalika kwa wingi hadi miaka ya 1850, katika kazi za William Thomson na William Rankine. Hermann von Helmholtz, katika andiko lake maarufu la mwaka 1847 kuhusu uhifadhi wa nishati, alitumia neno *Kraft*, ambalo kwa Kijerumani ndilo hasa *nguvu* au *kani*. Andiko lililoweka msingi wa kanuni kuu ya fizikia liliandikwa kwa neno ambalo leo lingesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Wajerumani waliendelea kulitumia, wakalijadili, na hatimaye wakaliacha. Hawakuiacha lugha.

Kinyarwanda kimefuata njia nyingine. Neno *ingufu*, ndugu wa *nguvu*, ndilo linalotumika katika Kinyarwanda cha leo kwa nguvu na kwa nishati pia. Mtoto wa Mwese aliyelelewa katika lugha hiyo alitakiwa na Kiswahili cha shule kutenganisha kile ambacho lugha ya nyumbani ilikiunganisha. Jambo hilo lilikuwa faida kwake. Neno lisilo na historia nyumbani, kama *nishati*, lilimjulisha kwamba hapa pana jambo jipya la kujifunza.

Hata hivyo, neno hili halikubaki darasani. Lilipewa wizara. Kwa miaka mingi ilikuwapo Wizara ya Nishati na Madini, na tangu mwaka 2017 ipo Wizara ya Nishati. Kutokana na hayo, *nishati* katika magazeti na redio ikawa na maana ya umeme, mafuta na gesi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, umelifikisha neno hili hadi jikoni, likiwa na maana ya kitu kinachowaka chini ya sufuria. Matumizi hayo ni halali, lakini yanagongana na kanuni ya msingi ya fizikia. Mwanafunzi hufundishwa kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi, bali hubadilika sura. Akitoka nje husikia kwamba nishati imeadimika, imekwisha, inazalishwa. Kuni zilizoungua zimekwisha kama kuni. Nishati iliyokuwamo imo katika maji yaliyopata moto, katika hewa ya jikoni na katika ukuta uliopashwa. Tofauti kati ya fueli na nishati inahitaji kusemwa tena na tena na watu waliobobea. Lugha ya sayansi hulindwa na watu hao, na katika Kiswahili watu hao hawana darasa la kuzungumzia.

5.0 Joto, jotoridi na njia tatu

Neno *joto* ni la Kibantu kwa asili. Lina mzizi mmoja na *moto* na kitenzi *ota*, kama katika kuota moto. Kinyarwanda kina kitenzi *kota* chenye maana hiyohiyo. Hapa Kiswahili cha shule kilimpa mtoto wa Mwese neno ambalo tayari alikuwa nalo mdomoni, likiwa limebadilika kidogo tu.

Ugumu unaanza pale joto linapotenganishwa na kipimo chake. Upawa wa maji yanayochemka una jotoridi kubwa kuliko pipa la maji ya vuguvugu, lakini pipa hilo laweza kuwa na nishati ya joto nyingi zaidi. Utenganisho huu haukuwa rahisi popote. Joseph Black alihitaji kuufafanua huko Glasgow katika miaka ya 1760, kwa kuwa hata wasomi wa wakati wake waliichukulia kipimajoto kuwa kipimo cha wingi wa joto. Kiswahili kiliunda *jotoridi*, neno ambalo kwa umbo lake laonekana kuunganisha *joto* na sehemu ya mwisho ya *baridi*. Ni uundaji wenye fikra: unaiweka dhana kwenye mstari mmoja unaotoka kwenye baridi hadi kwenye moto, bila kuupendelea upande wowote. Mshindani wake, *halijoto*, ni wazi zaidi kwa sikio lakini unaelemea upande wa joto. Wakati huohuo taarifa za hali ya hewa zilichagua *nyuzijoto* na *kiwango cha joto*, na wauguzi wakaendelea kusema *joto la mwili*. Dhana moja ikawa na majina manne, kila moja na ofisi yake.

Neno jingine la aina hii ni *kanieneo*, lililoundwa kwa kuunganisha *kani* na *eneo*. Hili ni neno linalobeba fasili yake: kani iliyogawanywa kwa eneo. Ubora wake waonekana vizuri katika nchi yenye ziwa na milima. Katika uso wa Ziwa Tanganyika, ulio takribani mita 773 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi za Selsiasi. Mtu akipanda hadi mita 1,500, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kwa sababu hiyo maharage huchelewa kuiva mlimani hata moto ukiwa mkali: kanieneo ya hewa imepungua, na maji hayawezi kupata moto zaidi ya kiwango chake cha kuchemka. Maelezo hayo yametumia istilahi za Kiswahili pekee, na hakuna kilichopungua.

Joto husafiri kwa njia tatu, nazo katika vitabu vya shule zimeitwa *mpitisho*, *myuko* na *mnururisho*, ambayo pia huandikwa *mnunurisho*. Jiko la mafiga matatu linazo zote. Joto hupenya chini ya sufuria kwa mpitisho, huzunguka ndani ya maji kwa myuko, na huifikia miguu ya mpishi kwa mnururisho. Kwa kipimo cha uwazi wa umbo, istilahi hizi tatu hazilingani. *Mpitisho* unatoka kwa kitenzi *pitisha*, na mtoto yeyote wa lugha ya Kibantu atauona mnyambuliko wake. *Mnururisho* umejengwa juu ya *nuru*, neno lenye asili ya Kiarabu lililovishwa viambishi vya Kibantu, na humkumbusha mwanafunzi kwamba joto la jua na mwanga wake husafiri pamoja. *Myuko* peke yake haumdokezei msemaji wa kawaida mzizi wowote anaoufahamu.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba dhana iliyopata jina gumu kuliko zote ndiyo iliyokuwa na historia ndefu kuliko zote katika ukanda huu. Wahunzi wa Ufipa walijenga matanuri marefu ya udongo, *malungu*, yenye kimo cha hadi mita tatu hivi, ambayo yaliyeyusha mawe ya chuma bila mivukuto. Hewa ya moto ilipanda ndani ya tanuri, na hewa mpya ikavutwa kupitia matundu ya chini. Huo ni myuko uliofanywa kuwa mtambo. Mivukuto ilitumika katika hatua ya pili, kwenye tanuri dogo la kusafishia chuma lililoitwa *kintengwe*. Kazi za J.A.R. Wembah-Rashid na za mwanaakiolojia Bertram Mapunda zimelihifadhi jambo hili katika maandishi. Maarifa yalikuwapo kabla ya istilahi. Uundaji wa istilahi, kwa kutotazama upande huo, ulikosa nafasi ya kuuliza wahunzi walikuwa wakisema nini walipozungumzia pumzi ya tanuri.

Ziwa lenyewe linatoa somo la kinyume. Sufuria hupashwa kutoka chini, kwa hiyo maji ya moto hupanda na ya baridi hushuka. Ziwa hupashwa na jua kutoka juu, hivyo maji yenye joto hubaki juu kwa wepesi wake na myuko hauanzi. Ziwa Tanganyika, lenye kina kinachofika mita 1,470, limegawanyika katika tabaka la juu lenye joto na oksijeni na maji mengi ya chini yasiyo na oksijeni. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2003 katika majarida ya *Nature* na *Science* zilieleza kwamba kupanda kwa jotoridi la ziwa kumeimarisha mgawanyiko huo na kupunguza mchanganyiko wa maji unaopandisha virutubisho. Riziki ya wavuvi wa dagaa na migebuka inategemea jambo hilo. Maelezo yake yanahitaji istilahi zilezile zinazofundishwa katika shule ya msingi, lakini yaliandikwa katika lugha ambayo wavuvi hawaisomi.

6.0 Wimbi na masafa

*Wimbi* ni neno la maji. Kwa mtu wa mwambao halikuhitaji fasili, na kwa mtoto wa Kinyarwanda lilitafsirika moja kwa moja kuwa *umuraba*. Kulihamishia kwenye sauti, mwanga na redio kulihitaji hatua moja tu: kueleza kwamba kinachosafiri ni mtikisiko, nao maji hubaki karibu na mahali pake.

Hatua hiyo haikufanywa na shule peke yake. Utangazaji wa Dar es Salaam ulianza mwaka 1951, Idhaa ya Kiswahili ya BBC mwaka 1957, na ile ya Deutsche Welle mwaka 1963. Vijiji vya mbali vilifikiwa na redio kabla ya kufikiwa na barabara nzuri, na kila matangazo yalipofunguliwa, msikilizaji aliambiwa atafute *masafa mafupi* au *masafa ya kati* na *mita bendi* fulani. Hivyo wakulima ambao hawakusoma fizikia walijua kwamba mawimbi hupimwa kwa mita.

*Masafa* kwa asili ni umbali. Katika *masafa mafupi* neno hili lilitumika ipasavyo, kwa kuwa kilichotajwa ni urefu wa wimbi. Baadaye, redio za FM zilipoenea, neno lilelile lilianza kutumika kwa idadi ya mitikisiko kwa sekunde: *masafa ya 95.0*, *masafa ya juu*. Hapa kuna tatizo la kweli. Urefu wa wimbi na idadi ya mitikisiko ni vipimo vinavyokwenda kinyume: kimoja kikiongezeka, kingine hupungua, kwa sababu zao lao ni mwendo wa wimbi, ambao kwa redio ni kilomita 300,000 kwa sekunde. Wimbi la mita 31 lina mitikisiko takribani milioni 9.7 kwa sekunde. Wimbi la FM la mitikisiko milioni 100 kwa sekunde lina urefu wa mita 3. Kwa hiyo mawimbi ya FM ni mafupi kuliko yale yanayoitwa ya masafa mafupi, na neno moja limebeba vipimo viwili vinavyopingana.

Lugha yoyote inaweza kujikuta katika hali kama hiyo. Dawa yake ni mazoea ya kukokotoa. Wanafunzi wakitatua maswali ya mawimbi kwa Kiswahili kwa mwaka mmoja, *masafa* yatabaki na maana moja, na *urefu wa wimbi* utachukua nafasi nyingine. Mkanganyiko umeendelea kwa kuwa hesabu hizo hufanywa katika sekondari, na huko neno *masafa* halitumiki.

Kwa wakazi wa mwambao wa ziwa, dhana ya wimbi ina sura nyingine isiyoonekana kwa macho. Upepo wa kusi, unaovuma kuanzia Mei hadi Septemba hivi, husukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini, na maji ya baridi hupanda upande wa kusini. Kusi likilegea, tabaka lililoinama hurudi na kuyumba, na wimbi hilo la ndani huchukua takribani wiki tatu hadi nne kukamilisha mzunguko mmoja. Uso wa ziwa waweza kuwa shwari huku wimbi la mamia ya kilomita likipita chini yake. Istilahi *wimbi* inatosha kabisa kulieleza hilo, mradi aliyefundishwa maana yake amefika mbali kuliko mfano wa jiwe lililotupwa kidimbwini.

7.0 Ngazi iliyokatwa

Mifano iliyotangulia inaonyesha mwelekeo mmoja. *Kanieneo* na *mpitisho* ni istilahi nzuri zisizotumika vya kutosha. *Myuko* una umbo gumu, na ungeweza kuzoeleka au kubadilishwa. *Jotoridi* ina washindani ambao hawajawahi kukutanishwa. *Nishati* imevutwa na siasa, na *masafa* yamevutwa na redio. Katika kila kisa, kilichokosekana ni jumuiya ya watumiaji wa ngazi ya juu: walimu wa sekondari, watunga mitihani, wahandisi na waandishi wa makala za kitaalamu, ambao kwa kubishana wangechagua.

Fursa ya kuijenga jumuiya hiyo ilikuwapo. Tume ya Rais ya Elimu ya mwaka 1982, maarufu kama Tume ya Makweta, ilipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Kamusi ya TUKI ya mwaka 1990 ilitoka baada ya mlango kufungwa, ikawa kama vyombo vilivyonunuliwa kwa ajili ya nyumba isiyojengwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufungua mlango huo kwa maneno, lakini fizikia ya sekondari imeendelea kufundishwa kwa Kiingereza.

Gharama ya hali hii hulipwa na mwanafunzi. Kwa mtoto wa Mwese, Kiswahili chenyewe kilikuwa lugha ya pili, na alijifunza sayansi huku akijifunza lugha. Baada ya miaka saba ana *mpitisho*, *myuko* na *mnururisho*, na anaweza kueleza kwa nini mpini wa mwiko ni wa mti. Anapoingia Kidato cha Kwanza, maelezo hayo hayahesabiwi. Anaanza kukariri majina mapya ya kile anachokijua, na kwa kuwa hana lugha ya kueleza kwa uhuru, mara nyingi ujuzi wake huonekana kuwa mdogo kuliko ulivyo. Mtihani humpima lugha kwa jina la fizikia.

8.0 Hitimisho

Historia ya istilahi za nishati, joto na mawimbi haimpi mtafiti sababu ya kuamini kwamba Kiswahili hakikuwa tayari kwa fizikia. Inaonyesha kwamba lugha zilizotangulia nazo zilianza na maneno yenye utata, zikayanoa kwa kuyatumia. Mambo matatu yanajitokeza kwa ajili ya kazi zijazo. Kwanza, mamlaka za lugha zikutanishe watumiaji wa *jotoridi*, *halijoto* na *nyuzijoto*, na zitenganishe *masafa* na urefu wa wimbi, kabla matumizi hayajaganda. Pili, utafiti wa msamiati wa kazi, kama ule wa wahunzi wa Ufipa na wavuvi wa Tanganyika, ufanywe wakati wajuzi wake bado wapo. Tatu, hata kabla ya sera kubadilika, vitabu vya fizikia vya Kidato cha Kwanza vibebe istilahi za Kiswahili kando ya zile za Kiingereza, ili mwanafunzi atambue kwamba anachofundishwa alikwisha kukutana nacho.

Jambo la tatu ndilo dogo na la karibu zaidi. Halihitaji sheria wala kamusi mpya. Istilahi zake zimekuwapo tangu mwaka 1990 au kabla yake, na watoto wanaozijua huingia sekondari kila Januari.